Trekta la Jirani

Mei 27

Katibu wa chama chetu cha wapenda matrekta makongwe ametaka kila mwanachama aandike kazi anayoifanya kila siku mpaka maonyesho ya mwisho wa Agosti. Yeye ni muuguzi mstaafu, na kwake kisichoandikwa hakikufanyika. Basi nimenunua daftari hili. Mgonjwa wangu ana miaka sitini na miwili, injini ya silinda sita, na tairi za nyuma zinazonipita kimo. Leo nimefungua chujio la hewa na kulisafisha.

Mei 30

Grisi. Vumbi. Grisi.

Juni 2

Kwa atakayesoma (Katibu, najua ni wewe): kiwanda kilichotengeneza trekta langu kilifungwa zamani. Kilikuwa kinatoa trekta lilelile kwa namna tatu, kufuatana na linakokwenda kulima. La mlimani lilikuwa fupi na pana, limefungwa vyuma vizito mbele lisiinuke pua kwenye mteremko. La bondeni, la kulima kwenye maji na tope, lilikuwa na magurudumu membamba marefu, breki zilizozibwa maji yasiingie, na bomba la moshi lililosimama juu kama shingo ya twiga. La nyika lilipewa rejeta kubwa na chujio la hewa lenye vyumba viwili, kwa sababu ya vumbi. Langu ni la nyika. Watu wa chama tunaweza kubishana kuhusu mambo haya kuanzia asubuhi mpaka chai ya jioni, na hakuna anayebadili msimamo.

Baba aliendesha matrekta kwenye shamba kubwa miaka ishirini na minane. Miaka tisa iliyopita nililikuta hili kwenye yadi ya vyuma chakavu, kuku wametaga kwenye kiti. Nikalivuta mpaka karakanani kwangu, nikamwita Baba, nikamwambia, "Nimekuletea trekta lako." Akalipapasa boneti, akasema ahsante mama. Tangu siku hiyo, kila mchana huja na mkongojo wake, anakaa kwenye kigoda karibu na mashine yangu ya kukereza vyuma, ananitazama nikifanya kazi. Tukiongea maneno kumi, siku hiyo tumeongea sana.

Mume wangu, ambaye ni fundi cherehani, huwaambia wateja wake kwamba mkewe aliolewa na kutu na yeye ni shemeji tu.

Juni 9

Nyumba ya jirani iliyokuwa tupu imepata mtu. Mpima ardhi mstaafu, mwanamume aliyefiwa na mke, mrefu, mpole, kofia pana. Sisi tumeshaanza kumwita Mpimaji. Vyombo vyake vya ndani vilijaa gari dogo moja. Baada ya hapo likaja lori refu, na juu yake trekta la bondeni.

Limekamilika. Breki zake zimezibwa kama zilivyotoka kiwandani. Bomba la moshi ndilo lenyewe, si la kuchomelea. Hata kile kibati cha namba ya injini kipo. Mimi cha kwangu nilikichonga kwa mkono kwa kuangalia picha.

Nilikwenda kumkaribisha, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Mume wangu aliniambia baadaye nilikuwa nimelikazia macho lile trekta kama mtu aliyekuta nguo yake imevaliwa na mwingine.

Juni 11

Saa nane mchana Mpimaji aliwasha injini. La bondeni lina mlio mzito kuliko langu kwa ajili ya lile bomba refu. Linakoroma kutoka kifuani. Baba alikuwa kwenye kigoda. Aliinua kichwa. Akasimama, akatoka, akafuata ukuta mpaka kwenye geti la jirani. Mkongojo aliusahau hapa.

Hakurudi mpaka jioni.

Juni 12

Baba yuko kwa jirani.

Juni 13

Kwa jirani.

Juni 16

Nimemaliza kukereza bushi nne, zile pete za chuma za kiunzi cha nyuma. Hakuna aliyeziona. Kutoka hapa nasikia Baba akicheka. Sikujua kama bado anacho kicheko cha namna hiyo, cha kukatika pumzi. Nimezima mashine ili nisikie wanachosema, halafu nimeona haya, nikaiwasha tena.

Juni 20

Nimemuuliza Baba, kama utani, huko kwa jirani wanampa nini. Akasema Mpimaji ni mtu mzuri, ana maswali mengi. Nikamuuliza maswali gani. Akasema, ya zamani.

Mimi nimeishi na baba yangu miaka hamsini na miwili. Nani alinikataza kuuliza ya zamani? Lakini nilikereka kana kwamba Mpimaji amepekua sanduku letu la nguo.

Juni 21

Upepo mkavu kutwa. Vumbi mpaka kwenye chai.

Juni 30

Mpimaji alikuja asubuhi, kofia mkononi, akaniomba nimkerezee pini ya ekseli ya mbele. Iliyopo imelika na usukani unachezacheza. Alizungumza kwa adabu zote, fundi hiki, fundi kile. Nikamwambia lazima niende nikapime mwenyewe.

Baba alikuwa amekaa kwenye madigadi ya trekta lile, miguu inaning'inia kama mtoto wa shule. Aliniambia karibu. Alinikaribisha, mimi, kwa mtu mwingine.

Nikalala chali chini ya ekseli. Nikapima pini. Nikafuta grisi kuona kama bushi nazo zimelika. Kidole kikapita juu ya mkono wa usukani, kile chuma kinachogeuza gurudumu la kushoto, kikakwaruzwa na kitu. Nikafuta vizuri kwa kitambaa. Ufa. Mwembamba kama unywele, lakini umezunguka chuma karibu nusu.

Juu yangu Mpimaji alikuwa anamuuliza Baba walikuwa wanavukaje mfereji na plau nyuma, na Baba anaeleza kwa mikono yote miwili, sauti imechangamka. Nilikaa kule chini nikisikiliza. Kisha nikachota grisi kwa kidole nikaipaka palepale nilipofuta. Nikatoka, nikajipangusa mgongo, nikasema pini itakuwa tayari Ijumaa.

Aliniomba pini. Hakuniomba kingine.

Julai 1

Linatembea mwendo wa mtu. Haliendi barabarani. Mikono ya usukani yenye nyufa hukaa miaka.

Julai 4

Nimempelekea pini. Imekaa kama imezaliwa pale. Akanisifu mbele ya Baba, na Baba akasema, "Mikono ya huyu haikosei." Nilirudi nyumbani karibu nikimbie.

Julai 8

Wavunaji wameingia mashamba yote ya upande wa magharibi, makapi yanapeperuka mpaka huku. Nimepiga msasa boneti nzima. Nimejiambia, nikimaliza boneti nitamwambia. Nimemaliza boneti.

Julai 9

Nitamwambia Jumapili.

Julai 12

Jumapili. Nilifika hadi getini. Walikuwa wawili wanakula chungwa moja, wamegawana, maganda wanayatia kwenye kofia ya Mpimaji. Baba anampigia hadithi ambayo sijawahi kuisikia, eti aliwahi kuzamisha trekta kwenye tope mpaka kiti, akaketi juu ya bomba la moshi akisubiri ng'ombe waje kumvuta. Nikageuka.

Julai 19

Leo Katibu alikuja kukagua, kalamu sikioni. Wamekubaliana kamatini kwamba mwaka huu gwaride la matrekta litaongozwa na dereva mkongwe kuliko wote, naye ni Baba, miaka themanini na mmoja. Nilifurahi mpaka nikamshika Katibu mkono. Miaka tisa nimeingoja siku ya kumwona Baba kwenye kile kiti nilichokishona mwenyewe na mume wangu, ngozi mbili, uzi wa nta.

Baba akakohoa. Akasema kama haitaniudhi, angependa kuongoza na la bondeni.

Alisema hivyo akitazama mkongojo. Aliniomba ruhusa kama mtoto. Nikajibu haina neno, Baba. Katibu akaandika. Nikaingia stoo nikapanga spana zilizokuwa zimepangwa.

Mume wangu ameniuliza mara mbili nina nini. Nimemwambia kichwa.

Julai 20

Sikusema. Naandika hapa ili nijione: sikusema, na sasa najua nani atakaa kwenye kile kiti.

Julai 22

Nimejiambia bado kuna mwezi mzima na zaidi. Baba hatapanda mpaka siku yenyewe. Nitapeleka taarifa wiki moja kabla, kwa utaratibu, kama fundi.

Julai 25

Naandika ya siku mbili zilizopita.

Juzi, Alhamisi, saa tisa hivi, nilikuwa nakata uzi wa boliti. Likanguruma la bondeni. Hilo la kawaida. Halafu nikasikia gea ikiingia, mara moja, bila kusaga, na moto ukipandishwa taratibu. Mpimaji hajui kuingiza gea hivyo. Yeye huikwaruza. Anayeingiza hivyo namjua mmoja tu.

Niliacha mashine inazunguka. Nilipita nyuma ya ukuta, kandambili moja ikabaki njiani. Nilipofika getini Baba alikuwa ameshafika katikati ya uwanja, mgongo umenyooka, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye goti, kama walivyo wenye kazi yao. Alikuwa anageuza kushoto kuzunguka tangi la maji. Nikapiga kelele azime. Hakunisikia. Nani asikie kitu na injini ile?

Mkono wa usukani ukakatika. Nilisikia, tak, mlio mdogo tu. Gurudumu la kushoto likalala upande, trekta likavuta kwa nguvu, likapanda lile tuta la matofali chini ya tangi na kuinama. Baba akatupwa. Alianguka kwa bega. Mimi nilikuwa nimeshafika. Nilikanyaga klachi, nikavuta waya wa kuzimia, kukawa kimya, na katika kimya hicho nikamsikia akisema, kwa utulivu kabisa, kwamba amevunjika.

Mtulinga, ule mfupa wa begani. Daktari wa mifupa amesema shukuruni si nyonga wala kichwa. Wiki sita mkono kwenye bendeji ya shingoni.

Julai 26

Watu wanakuja kumpa pole, wote wanataka kusikia nilivyokimbia. Mke wa mwokaji mikate ananiita simba jike. Katibu amesema ataliandika tukio langu kwenye kitabu cha chama.

Julai 27

Mpimaji alikuja. Macho mekundu, ndevu hakunyoa. Alikuwa ameshika vipande viwili vya ule mkono wa usukani, amevifunga kwenye gazeti. Akasema yeye ndiye aliyemruhusu Baba ajaribu, yeye ndiye wa kulaumiwa, na hatalala vizuri maisha yake yote. Halafu akanionyesha pale palipokatika. Nusu ya chuma nyeusi, nusu inang'aa.

"Fundi," akauliza, "hii nyeusi ni nini?"

Kila fundi anajua. Nyeusi ni kutu, ni ufa wa siku nyingi. Inayong'aa ndiyo iliyokatika siku hiyo.

"Ni uzee tu," nikamwambia. "Chuma cha zamani."

Akaitikia kwa kichwa. Akanishukuru. Akasema atatafuta mtu wa kulichukua trekta, hataki kuliona tena uwanjani kwake.

Julai 29

Baba amerudi kwenye kigoda chake. Kwa jirani hakuna mlio wowote. Hivi ndivyo nilivyotaka iwe tangu tarehe kumi na moja ya mwezi wa sita, na imekuwa. Nimefanya kazi kutwa, yeye amekaa, mkono kifuani, akitazama sakafu.

Nimeshindwa kula.

Agosti 1

Mawingu ya kwanza upande wa mashariki. Mapema mno. Wenye mavuno nje wamepagawa.

Agosti 4

Leo nilizima mashine, nikavuta ndoo, nikaikalia mbele ya Baba. Magoti yetu yaligusana.

"Baba, ule ufa niliuona mapema."

"Mapema lini?"

"Tarehe thelathini ya mwezi wa sita. Siku niliyopima pini."

Alihesabu midomo ikicheza. "Siku ishirini na tatu."

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

"Niliupaka grisi."

Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha. Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia wivu. Nikamwambia yote, chungwa, kicheko, ng'ombe wa kwenye tope, kwamba miaka tisa amekaa kwangu hajawahi kucheka vile, na mtu wa juzi kamchekesha kwa wiki moja. Nilisema maneno ambayo mwanamke mwenye mvi hatakiwi kumwambia baba yake. Nililia hadi kamasi.

Akaninyooshea leso kwa mkono ule mzima. Akaniambia la bondeni ndilo alilojifunzia akiwa kijana wa miaka ishirini, miaka minne, kabla hajaoa. La nyika aliliendesha miaka mingine yote iliyobaki, akalichoka kama mtu anavyochoka kiatu cha kazini. "Ulipoleta hili ulikuwa na furaha sana," akasema. "Ningeanzaje kukwambia?"

"Sasa miaka tisa ulikuwa unakuja kutazama nini hapa?"

"Nilikuwa nakuja kukutazama wewe ukifanya kazi."

Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayemwelekeza dereva mwenzake, "Nenda kamwambie mwenye mali. Usinitume mimi, wala usimtume mumeo."

Agosti 5

Nimemwambia Mpimaji. Alikuwa anafua shati. Alinisikiliza mpaka mwisho, maji yakimchirizika viwikoni.

"Uliniambia ni uzee," akasema.

"Nilikudanganya."

"Na mimi tangu hapo nimekaa siku tisa najiona muuaji."

Aliniomba nitoke. Nilipofika getini akaongeza, bila hasira, kwamba nisiliguse tena trekta lake.

Nilipomweleza mume wangu, aliweka nguo chini, akasema alijua tangu mwanzo si kichwa kilichokuwa kinaniuma.

Agosti 8

Nimempelekea Katibu daftari hili asome lote, asije akaniandika simba jike. Amesoma mbele yangu, miwani puani, bila kuruka ukurasa. Akanirudishia. Akasema kamati itakaa.

Agosti 10

Kamati imekaa. Sitaonyesha trekta mwaka huu. Ninaweza kuhudhuria. Wako sawa.

Agosti 11

Mkono wa usukani wa aina ile haupatikani popote. Wa nyika ni mfupi kwa vidole vitatu, wa mlimani umepinda kwingine. Nimeanza kuufua mpya kutoka ekseli ya lori, motoni, kwa nyundo, kama walivyofanya kiwandani. Kuchomelea kungekuwa rahisi, lakini sitaki rahisi.

Agosti 13

Nimeukosea. Naanza upya.

Agosti 14

Nimekosea tena.

Agosti 17

Umekubali. Tupa, msasa, tundu mbili. Baba ameupima kwa macho, akaupokea kwa mkono ule mmoja na kuugonga kwa nyundo ndogo. Ulilia kama kengele.

Agosti 18

Nimeuweka juu ya ukuta wa jirani pamoja na barua: ukaguliwe na fundi mwingine yeyote kabla ya kufungwa.

Agosti 19

Upo palepale ukutani.

Agosti 20

Upo.

Agosti 21

Mvua ya rasharasha. Nimetoka na mfuko wa nailoni niufunike usishike kutu. Haupo.

Agosti 24

Fundi wa mjini alikuja kwa jirani na mkoba wake. Nilimwona dirishani akiutazama mkono wangu kwa lenzi, akiupaka rangi ya kuonyesha nyufa, akiufuta. Alikaa nao karibu saa nzima. Iliniuma, mtu mwingine kukagua kazi yangu. Nikaona ni haki yake. Jioni nikasikia spana zikigonga upande ule, na mimi sikuitwa.

Agosti 26

Mlio. Baba akanitazama. Nikamwambia aende. Akasema atakwenda kesho, leo anataka kuona ninavyokereza hii bushi.

Agosti 30

Maonyesho yalikuwa jana.

Matrekta kumi na saba. Mabishano ya kawaida: mmoja anaapa lake ni la mlimani halisi, mwenzake anamwambia hivyo vyuma vya mbele umevifunga mwenyewe. Nilikuwa nimevaa gauni alilonishonea mume wangu, mikono mitupu, sijui niiweke wapi. Watu wa chama walinisalimia. Wengine kwa kirefu, wengine kwa kifupi. Daftari langu wanalijua wote.

Baba hakuweza kuendesha kwa ajili ya bega. Walikubaliana Mpimaji ashike usukani na Baba akae kwenye madigadi amwelekeze gea. Nikawaona wanajipanga mbele ya wote, Baba amevaa koti la zamani la kazini, kola imesimama. Aliinama, akamnong'oneza Mpimaji kitu, wote wakacheka. Na uleule wivu ukarudi, kana kwamba hakuna kilichotokea tangu Juni. Nilidhani nimeshapona.

Nikapita katikati ya watu mpaka kwenye gurudumu la mbele. Kazi yangu ilikuwa pale, imefungwa vizuri, grisi mpya. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, kwa sababu macho ya fundi hayatulii. Upande wa kulia, nati moja ya gurudumu ilikuwa imetoka nyuzi mbili.

Mpimaji alikuwa ananiangalia kutoka juu. Tangu tarehe tano hatukuwa tumesemezana. Katibu alikuwa ameshainua bendera.

"Jirani," nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, "kuna nati imelegea hapa kulia. Usiondoke."

Akazima injini. Akashuka taratibu, akainama, akaijaribu kwa vidole, ikazunguka. Akafungua sanduku la vifaa, akatoa spana ya gurudumu, akaishika kwa muda akiwa amenitazama. Uwanja mzima ulikuwa unangoja.

Kisha akanipa ile spana, akasogea kando, akanipisha.